Je, wajua? Kwa nini nyimbo za sikukuu wanazofundishwa watoto wa Kiyahudi ni changa kuliko sikukuu zenyewe

Ukipita karibu na darasa la chekechea la shule ya Kiyahudi wakati wa Hanuka, iwe Tel Aviv, Chicago au Johannesburg, huna budi kuusikia wimbo huu: "Sevivon, sov, sov, sov." Watoto wanasimama katikati ya chumba na kujizungusha mpaka wapepesuke, maana wimbo wenyewe ni wa pia. Sevivon ni pia, kile kidude cha watoto cha kuzungushwa chini, na sov ni "zunguka". Hanuka inakumbuka kutakaswa kwa Hekalu la Yerusalemu katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kwa hiyo sikukuu ina zaidi ya miaka 2,000. Na wimbo?

Mimi nilikuwa na jibu. Niliamini, na niliwahi kubishana mezani kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba nyimbo hizi zimepokezana vinywa tangu enzi za manabii. Lugha ni ya Biblia, sikukuu ni za kale, mahadhi yana huzuni fulani ya mbali. Ziwe za lini kama si za zamani?

Maneno ya wimbo wa pia yalitungwa na Levin Kipnis, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Palestina mwaka 1913, akaandika nyimbo na hadithi za watoto kwa mamia. Alifariki mwaka 1990, mwaka ule ule Kamerun ilipoifunga Argentina kwenye Kombe la Dunia. Mtu niliyedhani aliishi na Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi waliolikomboa Hekalu kutoka kwa Wagiriki, kumbe angeweza kuitazama mechi ile.

Kosa langu halikuishia kwenye wimbo mmoja. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayefungua mazungumzo kwa kuuliza kwa wimbo: kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Shuleni walimu huanza kuwanoa watoto wiki kadhaa kabla, maana siku hiyo shangazi na wajomba wote watakuwa kimya wakimwangalia yeye. Maneno ni ya kale kweli. Yamo katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu na mwaka 200. Lakini hata hayo hayakutulia: mojawapo ya maswali ya mwanzo lilihusu nyama ya kuchoma, na baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 na sadaka kukoma, swali hilo liliondoka, likaingia la kuegemea mito wakati wa kula. Mahadhi ndiyo yaliyonimaliza. Yale yanayosikika katika nyumba nyingi za Israeli na Marekani ni ya mtunzi Ephraim Abileah, ya mwaka 1936. Kabla yake, mtoto wa Ulaya Mashariki aliyaghani maswali hayo kwa sauti ile ile ya kusomea vitabu vitakatifu, kama mtoto wa chuoni kwetu anavyofuatisha aya mbele ya mwalimu wake.

Na pia yenyewe? Watoto husimuliwa kwamba mababu walipokatazwa kusoma Torati walijificha mapangoni, na askari wa Kigiriki walipotokea, wakatoa pia na kujifanya wanacheza. Hadithi nzuri, ila hakuna ushahidi wa kale unaoibeba. Mchezo wenyewe unafanana mno na pia za kamari za Ulaya, na herufi zake 4 zinalingana na maneno ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yanayomwambia mchezaji achukue kitu gani: hapati kitu, anachukua zote, nusu, au anaweka. Baadaye herufi hizo zikapewa maana ya heshima zaidi, "muujiza mkubwa ulitokea kule". Nchini Israeli wamebadilisha herufi moja ili isomeke "ulitokea hapa". Kwa hiyo mwalimu wa New York na mwenzake wa Haifa wanafundisha kwa pia zisizofanana herufi.

Haya, basi swali la haki ni hili: miaka yote hiyo Wayahudi hawakuwaimbia watoto wao?

Waliwaimbia, tena sana, lakini si kwa Kiebrania. Mtoto wa Vilnius aliimbiwa kwa Kiyidishi, wa Thesaloniki kwa Kihispania cha Kiyahudi, wa Baghdad kwa Kiarabu. Kiebrania kilikuwa lugha ya sala na kitabu. Fikiria nyumba ya Lamu: Kurani inasomwa kwa Kiarabu, lakini mtoto akilia usiku, mama hambembelezi kwa Kiarabu. Ndivyo ilivyokuwa. Eliezer Ben-Yehuda, mpigania ufufuo wa Kiebrania, alipofika Palestina mwaka 1881 na kushikilia kwamba nyumbani kwake kitasemwa Kiebrania tupu, alikuwa anaitumia lugha ambayo kwa karne nyingi haikuwa lugha ya mama ya mtoto yeyote. Mwaka 1898 ikafunguliwa chekechea ya kwanza ya Kiebrania, katika mji wa Rishon LeZion. Mwalimu ana watoto wa miaka 4 mbele yake, sikukuu iko mlangoni, na hana nyimbo. Hata neno la pia halikuwepo katika Kiebrania cha zamani. Inasimuliwa kwamba sevivon lilibuniwa na mtoto wa Ben-Yehuda mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Hadithi za watoto wabuni-maneno huwa tamu kupita kiasi, kwa hiyo ichukue kwa tahadhari.

Lakini washairi wa Kiebrania walikuwepo Ulaya, tena wakubwa. Mbona walimu hawakuchukua mashairi yao wakayaimba? Hapa ndipo penye kisa chenyewe, na kisa ni mkazo, yaani silabi ipi ya neno inatamkwa kwa nguvu.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuufikirii mkazo, kwa sababu hautusumbui. Unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao unahama: NYUmba, nyuMBAni. Ndiyo maana malenga wetu anahesabu mizani na kuchunga vina, na mkazo anauacha ujitunze. Tunaukumbuka pale tu mgeni anapouliza "baraBAra iko wapi" na mwingine akamjibu mambo yako baRAbara. Herufi zile zile, mkazo umehama silabi moja, na barabara ya lami imegeuka kuwa sawasawa.

Sasa, Wayahudi wa Ulaya walisoma Kiebrania chao kwa mkazo unaofanana na wetu: SHAbes (Sabato), TOIre (Torati), SHOlem (amani). Walimu wa Palestina hawakuutaka. Waliona matamshi ya Wayahudi wa Mashariki na wa asili ya Hispania ndiyo yaliyo karibu na asili, na hayo mara nyingi yanaweka mkazo mwishoni kabisa: shaBAT, toRA, shaLOM. Uamuzi wa kiisimu, unaweza kusema, jambo la wasomi. Ila kwa upande wa nyimbo lilikuwa sawa na tetemeko.

Chukua kinu na wanawake wawili wanaotwanga kwa zamu. Mchi mmoja unashuka, mwingine uko juu. Tu, tu, tu. Anayeimba akitwanga anahakikisha silabi nzito ya neno inaangukia pale mchi unapogonga, na silabi nyepesi inapita mchi ukiwa hewani. Wimbo wote wenye mapigo ni hivyo. Sasa amrisha kwamba kuanzia kesho kila neno lihamishe uzito wake silabi moja mbele. Kinu ni kile kile, michi ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini silabi nzito zote zinaangukia mchi ukiwa hewani, na mchi unagonga mahali ambapo hakuna kitu. Waimbaji hawajakosea. Wimbo ndio umevunjika.

Aliyepata hasara kubwa ni Hayim Nahman Bialik, mshairi aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake. Mashairi yake mengi yalipimwa kwa mkazo wa Ulaya. Watoto wa Tel Aviv waliyasoma kwa mkazo mpya, na mpaka leo wanafunzi wa Israeli huyasoma wakiambiwa yana mapigo mazuri ambayo masikio yao hayayasikii. Huwezi hata kuyalazimisha kwa kuvuta mkazo kinguvu, maana Kiebrania cha leo kina barabara zake: BIra ni bia, biRA ni mji mkuu. Ukicheza na mkazo mbele ya watoto, unaweza kujikuta unausifu ulevi ukidhani unausifu Yerusalemu.

Ndipo wakaingia watu kama Kipnis. Njia yake ya kawaida haikuwa kutunga kila kitu upya. Mara nyingi alichukua mahadhi ya kienyeji ya Ulaya Mashariki yaliyokuwa tayari masikioni mwa watu, akakata maneno mapya ya kuyatosha, kama fundi anayeshona nguo ya mtoto kutoka kanga ya mama. Uimbe polepole ule wimbo wa pia: se-vi-VOOON, sov, sov, soov. Silabi ya mwisho ndiyo inayovutwa, pale pale mkazo mpya unapotaka. Mstari unaofuata ni vilevile: kha-nu-KAAA, hu khag toov, yaani "Hanuka ni sikukuu njema". Mtoto akiuimba, anafundishwa lugha bila kujua. Hawezi kuukosea mkazo hata akitaka, kwa sababu mahadhi hayamruhusu.

Nisiutwishe mkazo mzigo wote. Kulikuwa pia na siasa, na hamu ya kuzigeuza sikukuu za sinagogi kuwa za shamba na bendera. Na kuna shule za Wayahudi wenye kushika dini sana, Brooklyn na kwingineko, ambazo hazikuwahi kuacha SHAbes. Nyimbo za watoto wao ni tofauti kwa kiasi kikubwa, mkazo wa zamani bado uko kazini. Wala si kila kitu ni cha juzi. Wimbo wa mbuzi mmoja aliyeliwa na paka, paka akang'atwa na mbwa, mbwa akapigwa na fimbo, unaofunga karamu ya Pasaka, ulichapwa Prague mwaka 1590. Na karibu na Mbale nchini Uganda, jamii ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huimba zaburi kwa Kiluganda kwa mahadhi yao wenyewe, bila kungoja mtunzi wa Tel Aviv.

Kuna mtu mmoja anayestahili aya yake. Abraham Zvi Idelsohn, mzaliwa wa Latvia, alifundisha muziki katika shule za Yerusalemu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1912 akatoa kitabu cha nyimbo za Kiebrania za shule. Alikutana na tatizo ambalo msomaji wa hati ya Kiarabu atalielewa mara moja: maneno yanakwenda kutoka kulia, noti zinakwenda kutoka kushoto. Yeye akageuza noti. Desturi hiyo haikudumu. Siku hizi ni maneno yanayokatwakatwa silabi na kupangwa chini ya noti kinyumenyume. Ni yeye pia aliyechukua mahadhi yasiyo na maneno kutoka kwa wachamungu wa Kiyahudi wa Sadigura, mji ambao leo uko Ukraine, na kuyageuza kuwa "Hava Nagila", wimbo ambao dunia nzima inauhesabu kuwa wa kale kuliko yote. Mmoja wa wanafunzi wake, Moshe Nathanson, alidai baadaye kwamba maneno yalikuwa zoezi la darasani na jibu lake ndilo lililochaguliwa. Huenda. Kila upande una watu wake, na aliyesahihisha zoezi hilo hayupo.

Idelsohn alifariki mwaka 1938, Johannesburg. Watoto wa Kiyahudi wa mji huo, kila Januari au Februari, huadhimisha Tu Bishvati, mwaka mpya wa miti, ambayo kuifanya siku ya kupanda miti na watoto wa shule kulianzishwa na mwalimu Ze'ev Yavetz huko Zikhron Ya'akov mwaka 1890. Wimbo wake maarufu unasema mlozi umechanua na jua linang'aa, dalili kwamba baridi inakwisha. Mkazo umekaa mahali pake, hakuna silabi inayoning'inia hewani. Ila nje ya dirisha la darasa ni kiangazi cha kati, miti ina majani tele tangu Oktoba, na mwalimu anajikuta anawaeleza watoto wa miaka 4 waliovaa kaptura kwamba baridi imekwisha.