Bonde la mafuriko na minyoo ya samaki

Bonde la mafuriko ni ardhi tambarare kandokando ya mto ambayo maji huifunika masika na kuiacha kiangazi. Hapa Tanzania liko la Kilombero, na liko la Rufiji ya chini, ambako maziwa kama Utunge, Ruwe na Zumbi hutegemea mto ufurike ndipo yapate maji mapya.

Ukimpara perege aliyevuliwa kwenye dimbwi la kiangazi, huenda ukakuta vijivimbe vya manjano chini ya ngozi, kwenye mashina ya mapezi au ndani ya kifuniko cha shavu. Kitumbue kimoja kwa ncha ya kisu: anatoka mnyoo bapa, mdogo kama punje ya mchele, na anajikunja. Huyo ni Clinostomum. Wauzaji wengine husema ni uchafu wa maji. Sivyo, maji machafu peke yake hayamzai.

Mnyoo huyu hukomaa kwenye kinywa na koo la ndege wanaokula samaki, kama korongo na kulastara. Mayai yake huanguka majini ndege anapokula, lava, yaani minyoo michanga, hutoka na kuingia ndani ya konokono. Humo huzaana kwa wingi, kisha kizazi kingine hutoka kikiogelea na kumtoboa samaki ngozi. Hapo kinasubiri samaki aliwe na ndege. Akikosekana mmoja kati ya hao watatu, mzunguko umekatika.

Sasa angalia mazingira. Kwenye mkondo mkuu maji yanakwenda kasi: konokono hawapati majani ya kushikilia, na lava, ambazo uhai wake nje ya konokono ni mfupi mno, husombwa kabla ya kumfikia samaki. Dimbwini maji yametulia, magugu yamejaa, konokono wametapakaa. Kiangazi kikikaza, samaki hubanana kwenye maji kidogo na ndege humiminika kuwala. Ndiyo maana perege wa aina ileile, bonde lilelile, anaweza kuwa safi mtoni na kujaa vijivimbe dimbwini. Masika samaki hutawanyika na kupata chakula tele, ila vijivimbe alivyokwisha kuvipata haviondoki na mafuriko.

Si vimelea vyote vina safari ndefu hivyo. Minyoo ya kwenye matamvua haihitaji konokono wala ndege, hutoka samaki hadi samaki, hivyo kwao msongamano ndio neema. Kambale naye, kwa kuwa hupumua hewa na kudumu kwenye tope wengine wanapokufa, hukaa muda mrefu zaidi kwenye maji hayo, na akipasuliwa tumbo mara nyingi hukutwa na minyoo mviringo iliyojikunja, Contracaecum, wanaokomaa tumboni mwa mnandi na mwari.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na sasa sehemu ya mafuriko ya Rufiji inaamuliwa na milango ya bwawa. Kwa maoni yangu, wanaopima samaki huko wahesabu pia konokono, maana ziwa lisilofikiwa na mto kwa misimu kadhaa huelekea kuwa dimbwi kubwa.

Kwa mlaji: chemsha au kaanga hadi nyama iive mpaka mfupani, mnyoo amekufa. Anayekula samaki mbichi ndiye anayeweza kumpata Clinostomum akajishikiza kooni, ingawa hutokea kwa nadra.