Je, wajua ni nini humwezesha mama wa uzazi wa kwanza kunyonyesha?

Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za watoto wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi. Walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, hadi miezi sita walikuwa takriban 2 katika kila 100.

Ni rahisi kumlaumu mama. Lakini fikiria siku tatu za mwanzo. Matiti hutoa dang'a tu, maziwa mazito ya manjano, matone machache, nayo yanamtosha mtoto kwa kuwa tumbo lake ni dogo mno. Mtoto analia. Jirani anasema, "Maziwa hayajashuka, mpe maji ya sukari." Mwenye watoto watatu angetulia, ameyaona haya. Mzazi wa kwanza hana cha kulinganisha, anatii. Mtoto akishiba maji hanyonyi sana, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Sasa kweli hayatoshi.

Ndiyo maana naamini mama huyu anahitaji mtu wa kukaa naye kuliko mabango ya kliniki. Huko Mbale, Uganda, wanawake wa vijiji vilevile walifundishwa kuwatembelea wenzao nyumbani, kuanzia wakiwa wajawazito. Mtoto alipofika wiki 12, mama 82 kati ya 100 waliotembelewa walikuwa wakinyonyesha bila kuchanganya. Kwa wasiotembelewa, 44. Mgeni kama huyo humwonyesha mama jinsi ya kumpakata mtoto ili ashike titi vizuri, chuchu zisichubuke. Tena huzungumza na bibi na baba wa mtoto, ambao neno lao ndani ya nyumba lina uzito.

Kisha kuna riziki. Sheria ya ajira ya Kenya inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, ila haimfikii anayefua nguo za watu kwa kibarua cha siku. Asipotoka, hali. Mwili wake utatengeneza maziwa mazuri hata kwa sukuma na ugali, lakini yeye ndiye atakayedhoofika, kwa hiyo sahani ya ziada anayoletewa na mama mkwe ni msaada hasa wa kunyonyesha.

Akirudi kazini, afundishwe kukamua kwa mkono. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, yakiwekwa kivulini mahali pasipo joto, hukaa kwa muda wa saa 4, na anayebaki na mtoto humnywesha kwa kikombe.