Ulimi wako unakaa wapi mdomo ukiwa umetulia?

Acha kusoma kidogo, usiseme wala kutafuna chochote, kisha sikilizia ncha ya ulimi wako imegusa wapi. Inavyotakiwa, ulimi uwe umelala juu, umeegemea kaakaa, na ncha yake iguse ufizi ulio nyuma tu ya meno ya mbele ya juu bila kuyasukuma meno yenyewe. Midomo iwe imefumbwa bila kukazwa, meno ya juu na ya chini yaachane kidogo, na hewa ipite puani.

Mkao huo ndio kiini cha tiba ya misuli ya kinywa na uso. Ni tiba ya mazoezi, haina dawa wala sindano. Mtoto au mtu mzima hufundishwa upya namna ya kuweka ulimi, midomo na taya anapopumua, anapotafuna, anapomeza na anapokuwa ametulia tu. Si jambo la juzi: mwaka 1918 Alfred Rogers, daktari wa kupanga meno wa Boston, Marekani, alikuwa tayari ameandika kuhusu kuifanyisha mazoezi misuli ya uso ili kusaidia kupanga meno.

Wazazi wengi huambiwa kwamba meno ya mtoto yamejitokeza kwa sababu anameza vibaya, ulimi ukisukuma mbele. Ni kweli kwa kiasi, ila tupige hesabu. Hata mtu akimeza mara elfu moja kwa siku, na kila mara ulimi ukabonyeza meno kwa sekunde moja, jumla yake haifiki hata dakika 20. Saa nyingine zote ulimi umekaa mahali fulani, na hapo ndipo penye uzito. Meno husogezwa na nguvu ndogo isiyokoma kuliko kwa msukumo mkubwa wa mara moja moja. Ndiyo maana waya mwembamba wa daktari wa meno unaweza kuyapanga. Ulimi unaolala chini na mbele, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, nao una nguvu ya namna hiyo.

Mtoto anayepumua kwa mdomo hana budi kuushusha ulimi ili hewa ipite. Ukishuka, kaakaa linakosa kitu cha kulitegemeza kwa ndani huku mashavu yakilibana kwa nje. Katika miaka ya kukua, taya la juu huelekea kuwa jembamba, kaakaa likapanda juu, meno yakakosa nafasi.

Ukimtazama mtoto wa namna hii kwa karibu, dalili zinaonekana kabla hajafungua mdomo kusema. Midomo imeachana, wa chini umekauka na kupasuka. Mwambie aifumbe: anaweza, lakini kidevu kinajikunja na kuota vishimo vidogo vidogo, kwa kuwa msuli wa kidevu unafanya kazi ya ziada kuuinua mdomo wa chini. Mpe funda moja la maji ameze. Midomo inabanwa kwa nguvu, na ukiishusha taratibu kwa kidole unaona ncha ya ulimi ikichungulia katikati ya meno ya mbele, ambayo pengine hayakutani tena hata akiuma magego. Muulize mama yake kuhusu usiku, naye atakusimulia mto unaolowa udenda, kukoroma, na mtoto anayeamka amechoka.

Hapo hatuanzi na mazoezi. Tunaanza na pua. Kama nyama za puani, yaani adenoidi, zimevimba, tonsili ni kubwa mno, au mzio umeziba njia ya hewa, mtoto huyo anapumua kwa mdomo kwa sababu hana njia nyingine. Aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi wapo wanaowabandika watoto plasta mdomoni wakati wa kulala. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto ambaye pua yake imeziba anauhitaji mdomo ule.

Umri nao una maana yake. Mtoto mchanga kusukuma ulimi mbele anapomeza ni kawaida kabisa, na wengi huacha polepole kabla ya kufika umri wa kuanza shule. Kunyonya kidole pia, wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Tabia hiyo ikiendelea hadi meno ya kudumu yanaanza kuota, hapo itafutiwe msaada, tena kwa upole, bila kumwaibisha mtoto.

Mazoezi yenyewe ukiyatazama ni madogo. Mgonjwa anaonyeshwa ile sehemu nyuma ya meno ya juu, anaweka ncha ya ulimi pale, kisha anaunyonya ulimi wote ushikamane na kaakaa na kuuachia ghafla ili utoe mlio wa kudatisha. Baadaye anaushikilia juu huku akifungua na kufunga mdomo. Halafu anajifunza kumeza mate: ulimi juu, magego yamekutana, midomo imelegea, uso hauhangaiki. Ugumu unakuja baada ya hapo. Kumeza vizuri mbele ya kioo hujifunzwa katika wiki chache, lakini kumeza hivyo bila kufikiri, hata usingizini, huchukua miezi. Familia inayofanya mazoezi kidogo kila siku hufika mbali kuliko inayofanya mengi siku moja kwa wiki.

Kwa watu wazima, wengi huletwa na meno yaliyorudi kupinda baada ya kutolewa waya, au na kukoroma. Kuhusu kukatika pumzi usingizini upo ushahidi wa kutia moyo. Utafiti wa São Paulo, Brazili, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia wagonjwa 31 wenye tatizo la kiwango cha kati. Waliofanya mazoezi ya ulimi na koo kwa miezi mitatu, wastani wao wa pumzi kukatika au kupungua ulishuka kutoka mara 22.4 hadi 13.7 kwa saa. Ni nafuu ya kweli, lakini 13.7 bado ni ugonjwa. Kwa hiyo anayetumia mashine ya kusukuma hewa usiku aendelee nayo mpaka kipimo cha usingizi na daktari wake waseme vinginevyo.

Zipo pia ahadi za kukataa. Video zinazodai kwamba ukibonyeza ulimi kwenye kaakaa utabadilisha mifupa ya taya ukiwa mtu mzima hazina ushahidi wa maana. Kithembe nacho hakiondoki kwa kuimarisha ulimi peke yake. Sauti hufundishwa kwa kutamka, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa matamshi. Na si kila ulimi ulioshikiliwa na utando mfupi kwa chini unapaswa kukatwa. Kwanza ipimwe kama kweli unashindwa kunyanyuka, na ukikatwa, mazoezi yafuate.

Ukienda kliniki, nenda na video fupi ya mtoto akiwa usingizini, shati limefunguliwa ili kifua kionekane, na sauti ya kupumua isikike. Irekodi usiku ambao hana mafua. Kwa daktari, dakika mbili za video hiyo zina maelezo mengi kuliko fomu nzima ya maswali.