Diski ya kukodi haiweki kumbukumbu ya kunakiliwa

Netflix ilikodisha DVD kwa posta huko Marekani tangu 1998 hadi 2023, na wapo walioamini kuwa diski ikirudishwa, kampuni inajua kama ilinakiliwa. Si kweli. Diski ya filamu hupigwa chapa kiwandani: vishimo vidogo mno kwenye plastiki, vikafunikwa kwa utando wa alumini. Leza ya mashine husoma vishimo hivyo tu, haiandiki chochote, uwe unatazama au unanakili. Igeuzegeuze kwenye mwanga: utaona mikwaruzo na alama za vidole, basi. Lakini tusidanganyane, sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalozuia DVD kunakiliwa, isipokuwa kwa misamaha michache.