Safu ni nini, na inatofautianaje na habari?

Neno safu wengi wetu tunalisikia zaidi kwenye mpira: safu ya ulinzi, safu ya ushambuliaji. Gazetini, safu ni nafasi ya kudumu anayopewa mtu mmoja, kwenye ukurasa uleule na siku ileile ya wiki, mara nyingi ikiwa na picha yake ndogo na jina aliloibatiza mwenyewe. Anayeiandika ndiye mwanasafu. Anayoandika ni maoni yake, na magazeti mengine huweka kijimstari cha kunawa mikono: maoni haya ni ya mwandishi, si msimamo wa gazeti.

Habari inaeleza kilichotokea, na mwandishi wake anatakiwa ajifiche. Tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe, ndiyo maana haina jina chini yake. Barua ya msomaji inapita. Mwanasafu hurudi kila wiki, na msomaji humzoea kama mzee wa kijiwe cha kahawa: unajua ataanzia wapi, lakini bado unavuta kigoda.

Safu nzuri ya siasa mara nyingi haianzi na siasa. Huanza dukani. Mtoto katumwa sukari ya kupima, kwa hela ileile ya juzi, na kifuko alichorudi nacho kinalegea mkononi. Mama anakipima kwa kiganja, hasemi kitu, anapunguza kijiko kimoja kwenye chai ya kila mtu. Waziri na vibali vya kuagiza sukari utakutana nao aya ya nne huko, ukiwa umeshakasirika.

Nchini Kenya, Wahome Mutahi aliimudu mbinu hiyo kuliko wengi. Safu yake, Whispers, ilikuwa ya Kiingereza kilichochovywa kwenye Kiswahili na Kikuyu, na uwanja wake ulikuwa nyumba yake mwenyewe. Alimbandika mkewe jina la Thatcher, waziri mkuu mwanamke wa Uingereza! Msomaji alicheka ugomvi wa mume na mke huku akijua fika kuna mamlaka nyingine inayosemwa. Huyu ni mtu aliyewahi kukamatwa na kufungwa mwaka 1986, enzi za Moi, kwa hiyo thamani ya fumbo aliijua vizuri.

Na fumbo si geni kwetu. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na hadi leo kurasa za mashairi zina watu wanaolumbana kwa vina. Kwa maoni yangu, mwanasafu wa Kiswahili amerithi zaidi kwa malenga kuliko kwa mwandishi wa habari.

Ila maoni si ruhusa ya kutunga. "Waziri huyu hafai" ni maoni. "Waziri huyu kala fedha za visima" ni madai, na madai yanadaiwa ushahidi. Mwaka 2017 gazeti la Raia Mwema la Tanzania lilifungiwa siku 90 kwa sababu ya makala ya maoni kuhusu Rais Magufuli, serikali ikidai kwamba ilikuwa na nukuu zisizo za kweli. Adhabu haikubagua ukurasa. Waliokuwa wakilinunua kwa ajili ya waandishi wengine kabisa nao walilikosa.