Mama Yule Hakukosea Kiingereza

Siku ya kwanza kupita mtaa wa Fairfax, mjini Cleveland, Marekani, niliona neno la kwetu juu ya jengo: Karamu. Mimi mtoto wa Mombasa nikamuuliza mwenyeji wangu pilau inapakuliwa saa ngapi. Akacheka. Pale hapapikwi kitu, huchezwa tamthilia. Russell na Rowena Jelliffe, mke na mume Wazungu, walikianzisha kituo hicho mwaka 1915, na mwaka 1941 kikachukua jina la Kiswahili. Mshairi mweusi Langston Hughes, aliyesoma sekondari mjini humo, alionyesha pale tamthilia zake kadhaa miaka ya 1930.

Kazi yangu mimi ni ndogo zaidi. Ni mshauri wa miswada. Kila mwezi, katika ukumbi wa chini ya kanisa, tunasoma kwa sauti tamthilia ya mtunzi mweusi ambaye bado hajaonyeshwa popote. Hakuna mapambo wala mavazi. Waigizaji husimama nyuma ya stendi zilizoazimwa kwa kwaya, na mmoja wao husoma maelekezo ya jukwaani. Kazi hiyo ya maelekezo huwa simpi aliyekosa nafasi nyingine. Akiyasoma kama tangazo la msiba, tamthilia nzima inazama.

Mtunzi namkalisha safu ya nyuma kabisa. Wageni hudhani namdharau, lakini nataka aione migongo ya watu. Ukimuuliza mtu maoni yake atakupa adabu zake. Mgongo hauna adabu. Kuna pale watu wanapoanza kujipepea kwa ratiba, na kuna kicheko kilichongojwa ukurasa wa 12 kisije, halafu kikazuka ukurasa wa 13 pasipo na mzaha wowote. Hayo ndiyo ya kuandika pembeni mwa mswada.

Mtunzi mmoja tuliyemsoma ni dereva wa basi, na ile ilikuwa tamthilia yake ya kwanza. Ndani yake mna bibi aliyehama Alabama akiwa msichana, kama walivyohama mamia kwa maelfu ya weusi wa kusini kwenda miji ya viwanda ya kaskazini. Mwanamume anabisha hodi usiku akimtaka binti wa yule bibi. Binti amejificha chumbani. Bibi anajibu mlangoni: “She be working nights.” Mwigizaji wetu, aliyeupata mswada asubuhi ile, akasoma “She is working nights.” Safu ya tatu mama mmoja wa kanisa akaguna, mguno mzito wa mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Anayezungumza Kiswahili ana bahati ya kulielewa jambo hili upesi. Ile “be” ya Wamarekani weusi ni “hu-” yetu: hufanya kazi usiku, ndiyo desturi yake. Haisemi kitu kuhusu usiku wa leo. Bibi ni mlokole na hasemi uongo. Amechagua sentensi ya kweli inayomfukuza mtu mlangoni. Ukiweka “is,” unaweza kusikika ukisema yuko kazini sasa hivi, na bibi ataonekana mwongo. Neno moja tu, na mhusika mzima amebadilika.

Mtunzi aliniambia baadaye kwamba warsha fulani ilimshauri asafishe sarufi ili “hadhira pana” imwelewe, na alikuwa karibu kukubali. Nilikumbuka daftari langu la darasa la tatu: niliandika “mato,” kama tusemavyo kwa Kimvita cha Mombasa, mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaweka “macho.”

Baada ya kusoma tunajadili, na hapa niko mkali. Nafuata utaratibu ambao mcheza dansi Liz Lerman aliuanzisha mwaka 1990: kwanza watu waseme kilichowagusa, kisha mtunzi aulize yake, kisha wao waulize bila kuficha hukumu ndani ya swali, na maoni yatolewe mwisho, tena mtunzi akiruhusu. Kila mara hujitokeza bwana anayeanza na “ningekuwa mimi ningemalizia hivi.” Namwambia atuletee mswada wake mwezi ujao. Wawili wameleta kweli, na mmoja si mbaya.

Kinachoniudhi ni usomaji usiokwisha. Kuna watunzi weusi waliosomwa mwaka baada ya mwaka, kila mahali wakipigiwa makofi na kupewa chai, na hakuna aliyewapa jukwaa. Mtunzi mweusi August Wilson alikataliwa miswada kadhaa na kituo cha O'Neill, Connecticut, kinacholea tamthilia mpya, kabla hawajaipokea tamthilia yake Ma Rainey's Black Bottom mwaka 1982. Lakini walipoipokea, ilikuwa na pa kwenda. Kufikia 1984 ilikuwa imechezwa ukumbi wa chuo kikuu cha Yale, kisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Kwa hiyo kwetu mswada husomwa mara mbili, basi. Baada ya hapo kazi yangu ni kugonga milango ya kumbi, hata kama ni kwa kutafuta siku tatu tu za taa na mavazi.

Dereva wetu alirudi miezi minne baadaye na mswada uliopungua kurasa 20. Mstari wa mlangoni ulikuwa palepale. Nilipomuuliza amsomee nani bibi safari hii, alinyoosha kidole safu ya tatu.