Vishikizo vya kuvutia gari lililokwama: dhana potofu na ukweli wake

Masika yakikolea, udongo mweusi wa mbuga katika maeneo kama Ndutu, kusini mwa Serengeti, hunasa hata Land Cruiser lenye dereva mzoefu, na kuvutana kwa kamba huwa sehemu ya kazi. Wengi hujali ubora wa kamba na nguvu ya gari linalovuta, ilhali ajali mbaya huanzia kwenye kishikizo, yaani pale kamba ilipofungwa kwenye gari, chuma kinapong'oka na kuruka.

Dhana iliyoenea ni kwamba kila pete iliyo chini ya bampa imewekwa na kiwanda kwa ajili ya kuvutia. Magari mengi huja na pete nyembamba zilizokusudiwa kufungia gari lisiyumbe likiwa melini au juu ya lori, na nyingine za kukokotea gari bovu kwenye barabara ngumu. Kitabu cha gari hueleza ipi ni ipi, ingawa kwa gari lililonunuliwa mkononi kitabu hicho huwa kimepotea zamani au kimeandikwa Kijapani. Pete ya namna hiyo ikivutwa kwa mshtuko hupinda au hukatika. Zipo zilizovuka mpaka huo: pete za JATE za Land Rover, zilizopewa jina la kitengo cha Uingereza cha usafirishaji wa zana za kijeshi kwa ndege, zilibuniwa kwa kufungia gari, na hadi leo watu huzitumia kuvutia, mradi zote mbili zibebe mzigo kwa pamoja.

Hatari kubwa kuliko zote ni tufe la kuvutia tela. Kwa kuwa huvuta tela la tani kadhaa bila shida, watu huamini kwamba litalimudu gari lililokwama. Tela, hata hivyo, huvutwa taratibu, na shingo ya tufe haikutengenezwa kuhimili mshtuko. Ikikatika, tufe hurushwa na kamba iliyokwisha kunyumbuka na linaweza kupenya kioo cha gari. Nchini Australia, ambako burudani ya kuendesha magari porini imeshamiri, watu wameuawa hivyo. Mwenye kipokeo cha mraba nyuma ya gari achomoe ulimi wenye tufe, kisha aingize kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi ya kuvutia, chenye shakeli, yaani pingu ya chuma inayofungwa kwa pini.

Wapo pia wanaohesabu kwamba gari la tani tatu linahitaji kishikizo cha tani tatu. Hesabu hiyo husahau tope na mwendo. Kanuni ya jeshi la Marekani ya kuokoa magari huchukulia kwamba gari lililozama hadi kimo cha magurudumu hukinza kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote, na likizama hadi kwenye madigadi hukinza mara mbili yake. Kamba inayonyumbuka nayo huvuta kwa nishati ya mwendo, ambayo huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka maradufu: gari la tani tatu likienda kilomita 10 kwa saa lina takriban kilojuli 12, na kwa kilomita 20 lina 46. Namba zilizoandikwa kwenye vifaa huzidisha mkanganyiko. Shakeli ya milimita 19 yenye chapa ya tani 4.75 inataja mzigo salama wa kazi, ambao ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya kuikata, wakati kamba iliyoandikwa kilo 8,000 kwa kawaida inataja nguvu ya kuikata yenyewe. Kamba ndiyo inayopaswa kukatika kwanza, kabla ya chuma chochote kung'oka.

Husemwa vilevile kwamba fundi hodari akichomelea ndoano kwenye bampa, kazi imekwisha. Bampa lenyewe limeshikwa na bolti chache ambazo hazikupangiwa mvuto huo, na joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kandokando ya mshono, mahali ambapo ufa huanza bila kuonekana. Kishikizo cha kuaminika hufungwa kwenye chasisi kwa bolti nene, bamba la chuma likisambaza nguvu. Lala chini ya gari na tochi utazame vichwa vya bolti: 8.8 au 10.9 ni alama ya uimara, na kichwa kisicho na namba hakistahili kuwapo hapo, hata kiwe kinang'aa vipi.

Kuvuta kwa vishikizo viwili hupunguza mzigo kwa kila kimoja, lakini si kwa pembe yoyote. Mikono ya mkanda unaoviunganisha ikiachana kwa nyuzi 60, kila upande hubeba takriban asilimia 58 ya mzigo. Kwa nyuzi 120, kila upande hubeba mzigo wote. Kwa hiyo mkanda mrefu, ambao hupunguza pembe hiyo, ni bora kuliko mfupi.

Blanketi zito juu ya kamba hupunguza kasi ya kamba iliyokatika, ila si kinga dhidi ya kipande cha chuma, hivyo watazamaji wakae mbali na wasisimame kwenye mstari wa kamba. Baada ya mvuto mzito, tundu la bolti lililorefuka, rangi iliyopasuka kuzunguka bamba au mchirizi mpya wa kutu ni sababu tosha ya kukifungua kishikizo na kukikagua kabla gari halijarudi porini.